Ngano Iwezayo Kujikinga na Mdudu

Mkulima aonapo wadudu shambani, jambo la kwanza analolifikiria ni dawa. Lakini yuko mdudu mmoja wa ngano ambaye dawa humpata kwa shida, kwa kuwa hujificha ndani ya jani lenyewe. Huyo ni kidukari aitwaye kidukari wa ngano wa Kirusi. Asili yake ni Asia ya Kati na kusini mwa Urusi. Alionekana Afrika Kusini mwaka 1978, Marekani mwaka 1986, na katika mashamba ya Kenya mwaka 1995.

Kidukari huyu ni mdogo, rangi yake kijani hafifu. Jike huzaa pasipo dume, na kwa hiyo wachache huwa wengi kwa muda mfupi. Afyonzapo utomvu, jani huingia mistari myeupe au ya zambarau, kisha hujikunja kwa urefu wake kama mkeka. Wadudu hukaa salama ndani ya mkunjo huo, na dawa inyunyizwayo hupita juu yao. Suke nalo hunaswa, likatoka limepinda na punje zake ni haba.

Je, yawezekana mmea ujikinge wenyewe? Mwaka 1951, mtaalamu Reginald Painter wa Kansas, Marekani, alieleza njia tatu. Ya kwanza, mmea usimpendeze mdudu, naye auepuke. Ya pili, mdudu aulapo adhoofike, asizae sana. Ya tatu, mmea ustahimili madhara na kuzaa vema ijapokuwa wadudu wamo.

Wataalamu wa Afrika Kusini walizijaribu mbegu zilizotoka nchi mbalimbali, wakaona kwamba ngano moja ya Iran na nyingine ya Bulgaria zilimshinda kidukari. Lakini ngano ngeni huenda isifae kwa mavuno. Basi mtaalamu huyatoa kwa koleo ndogo sehemu za kiume za ua, akaipaka sehemu ya kike unga wa ua la ngano nyingine, kisha akalifunika suke kwa mfuko. Watoto wa ngano hizo hujaribiwa kwa wadudu; walio imara huchanganywa tena na ngano ya mavuno mazuri, mara nyingi, miaka mingi. Hivyo ndivyo ilivyopatikana Tugela-DN, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1992. Majani yake hayajikunji sana, na mdudu hukosa maficho.

Hata hivyo, adui hakulala. Ngano iitwayo Halt ilitolewa Colorado, Marekani, mwaka 1994. Mwaka 2003 ikaonekana huko aina mpya ya kidukari iliyoishinda kinga yake. Ndiyo sababu wataalamu hujitahidi kuunganisha kinga kadhaa katika mbegu moja, ili mdudu akiivunja moja akutane na nyingine.

Naye mkulima asidhani kwamba mbegu njema yamwondolea kazi. Yampasa ang'oe ngano ijioteayo baada ya mavuno, maana ndiyo makazi ya kidukari kati ya msimu na msimu. Tena ayakague majani mapema, kabla hayajakunjika. Wahenga walinena: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kazi ya mtaalamu na kazi ya mkulima zikikutana, ngano itasalimika.