Somo la Kompyuta: Tuanze na Daftari

Katika somo hili tutajifunza mwanzo wa kuandika programu za kompyuta. Aliye Ikinga na hana kompyuta nyumbani asiruke ukurasa huu. Mazoezi ya mwanzo yanataka daftari, kalamu na mwenzako wa kukaa naye.

Programu ni maagizo yaliyopangwa hatua kwa hatua. Mpango wa hatua hizo huitwa algoriti, neno lililotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kitabu chake cha al-jabr kina sehemu ndefu ya hesabu za mirathi, basi nasi tuanzie huko. Marehemu ameacha shilingi 900,000. Mazishi na madeni ni 300,000, na ameusia theluthi ichimbiwe kisima. Tukitanguliza mazishi na madeni, zinabaki 600,000. Theluthi yake ni 200,000, na warithi wanapata 400,000. Tukikosea tukatanguliza wasia, kisima kinachukua 300,000, madeni 300,000, na warithi wanabakiwa na 300,000. Hatua ni zile zile, ila mfuatano umebadilika, na laki moja ya mayatima imekwenda. Kompyuta haitatuonya. Itafuata mfuatano wowote tuliouandika.

Baada ya hatua, tuangalie namna ya kuweka vitu vyenyewe, yaani miundo ya data. Aliyewahi kufika Tunduma ameiona miwili. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, ni foleni: aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa. (Kabla kituo cha pamoja cha mpakani hakijazinduliwa mwaka 2019, ukaguzi ulikuwa wa huku kwanza, kisha wa kule.) Lakini ndani ya lori mambo ni kinyume. Boksi lililopakiwa mwisho liko mlangoni, nalo hutoka kwanza. Muundo huu tuuite rundo. Afisa akitaka kuona boksi lililopakiwa kwanza, mzigo wote unashushwa.

Sasa zoezi lenyewe. Andikeni majina 60 kwenye vikaratasi, myapange kwa alfabeti, kisha mvifunike vyote kwa safu. Mmoja aandike maagizo ya kutafuta jina, mwingine ayafuate kama mashine, bila kuongeza akili yake hata kidogo. Akifunua kimoja kimoja kuanzia mwanzo, huenda akafunua vyote 60. Lakini akifunua cha katikati, akaona jina linalotafutwa liko mbele zaidi, aiache nusu ya nyuma yote. Kisha afunue katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. Hatazidisha mara 6. Majina yakiwa 1,000, hatazidisha mara 10. Sharti ni moja: vikaratasi viwe vimepangwa. Vikivurugwa, njia hii haifai kitu.

Sisi tulipolifanya mara ya kwanza tulijiona tumeshakuwa mafundi, mpaka mmoja wetu akataja jina ambalo halikuwemo. Hatukuwa tumeandika la kufanya vikaratasi vikiisha. "Mashine" wetu akabaki anafunua kikaratasi kile kile, anakifunika, anakifunua tena, na sisi tunacheka. Kwenye kompyuta hakuna wa kucheka. Programu inazunguka tu bila kusimama. Tukaongeza mstari mmoja: pasipobaki kikaratasi, sema "hayumo", kisha acha.

Upangaji huu nao una gharama yake. Akija mwanafunzi mpya, jina lake haliwekwi popote. Lazima lipate nafasi yake, na yote yanayolifuata yasogezwe.

Zoezi la nyumbani: andika maagizo ya kuingiza jina la 61 mahali pake, umpe mtu ambaye hakusoma somo hili ayafuate. Hesabu vikaratasi vilivyosogezwa jina likiwa Abasi, kisha likiwa Zuwena. Atakayepata kompyuta ayaandike maagizo hayo hayo kwa lugha ya Python, na ajaribu pia orodha isiyo na jina hata moja.