Somo la Kila Siku Nyumbani: Mashine Itafute, Mtu Asome



Alfajiri pale Kimara Mwisho watu huwa wengi. Tangu mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016, wafanyakazi hujipanga kituoni kabla ya mapambazuko, wakielekea Kariakoo na Kivukoni. Baba aondokaye saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku, nyumba yake italisikia Neno la Mungu saa ngapi? Biblia i kabatini, na kalenda ya parokia i ukutani, lakini kutafuta fungu kwataka dakika kadhaa, na mtu aliyechoka husema, "Tutasoma kesho." Hivyo ndivyo desturi njema inavyokufa katika nyumba nyingi: si kwa uasi, bali kwa uchovu.

Leo twapenda kueleza msaada mmoja, faida yake na mpaka wake. Ipo programu ya kompyuta iitwayo diatheke. Jina hilo ni la Kigiriki, na maana yake ni agano. Ni sehemu ya mradi wa SWORD wa CrossWire Bible Society, nayo hutolewa bure. Haina picha wala vitufe vya kubonyeza. Mtu hufungua dirisha la kuandikia amri, huandika jina la programu, kisha jina la tafsiri, kisha fungu alitakalo, kwa mfano Luka 15. Na papo hapo maneno hutokea kwa maandishi matupu. Vitabu vikisha kuwekwa katika kompyuta mara moja, havihitaji intaneti tena. Kwa nyumba inayonunua bando kidogo kidogo, hilo si jambo dogo. Tena kompyuta kuukuu yatosha, wala hapatokei tangazo la kumvuta mtoto kando.

Walakini mashine hiyo hujibu iulizwalo tu. Amri hiyo haiwaambii Kanisa linasoma nini leo. Basi wazazi hawana budi kuufahamu mpango wenyewe.

Zamani masomo ya Dominika yalikuwa yale yale kila mwaka. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza waamini wagawiwe hazina ya Biblia kwa wingi zaidi. Na mwaka 1969 ukatolewa mpango mpya. Dominika zikapewa mzunguko wa miaka 3: Mwaka A husomwa hasa Mathayo, Mwaka B Marko, Mwaka C Luka. Yohane hupata nafasi yake hasa katika Kwaresima na Pasaka. Katika siku za juma za kipindi cha kawaida, Injili ni ile ile kila mwaka, bali somo la kwanza hubadilika: miaka isiyogawanyika kwa 2 hufuata mpango wa I, na miaka igawanyikayo hufuata wa II.

Hata mtoto wa shule aweza kupiga hesabu hii. Gawanya mwaka kwa 3. Usipobaki kitu, ni Mwaka C. Ikibaki 1, ni A. Ikibaki 2, ni B. Kwa hiyo 2025 ni C, na 2026 ni A. Ila tukumbuke kwamba mwaka wa Kanisa huanza na Majilio. Hivyo Majilio ya mwishoni mwa 2025 yalihesabiwa tayari kuwa ya 2026.

Iko mitego miwili. Kwanza, Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, na matoleo mengi yaliyomo katika kompyuta yana 66 tu. Siku somo litokapo katika Yoshua bin Sira, Hekima au Wamakabayo, mashine yenye toleo hilo haitaweza kulitoa. Mtoto asidhani kwamba Kanisa limekosea. Pili, hesabu ya Zaburi hutofautiana. Zaburi ya Mchungaji ni ya 23 kwa hesabu ya Kiebrania, na ni ya 22 kwa hesabu ya Kilatini ya zamani. Mkiona maneno yasiyolingana na kalenda, tazameni namba ya jirani.

Pengine mtu atauliza: je, mashine yaweza kutuletea imani? Haiwezi. Kazi yake ni kupunguza zile dakika za kutafuta, ambazo zilikuwa kisingizio chetu. Basi mama anapoondoa vyombo, kijana aitafute Injili. Baba, au mama kama baba amechelewa njiani, aisome kwa sauti, pasipo haraka, ili hata bibi asiyeona vizuri aisikie. Wanyamaze kidogo, kisha mmoja aseme neno lililomgusa. Dakika 10 zatosha. Na umeme ukikatika, Biblia ya kabatini ishuke na taa iwashwe.

Nyumba ifanyayo hivyo haitafika kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo ikiwa mikono mitupu, wala haitaisikia Injili ya Dominika kama habari ya wageni. Wazazi wapenzi, watoto wenu hujifunza kutoka kwenu ni jambo gani halipaswi kuahirishwa. Anzeni usiku wa leo.