KIRIBA NA KISIMA: Biashara Jamii na Akina Mama Wanaolea Peke Yao Karagwe na Kyerwa



Katika Kitabu cha Mwanzo sura ya 21 tunasoma habari za Hagari, mama aliyeondolewa nyumbani kwa Abrahamu pamoja na mwanawe. Abrahamu hakumwacha mikono mitupu. Alimpa mkate na kiriba cha maji. Lakini maji yaliisha jangwani, na mama akamweka mtoto chini ya kichaka asimwone akifa. Ndipo Mungu akamfumbua macho, akaona kisima. Mwandishi wa Mwanzo anaongeza jambo ambalo mara nyingi tunalipita haraka: kijana yule alikua, akawa mpiga upinde hodari. Yaani alipata ujuzi wa kumlisha.

Katika makala hii tunataka kutofautisha kiriba na kisima. Maparokia yetu yamezoea kutoa kiriba: sabuni, kilo chache za unga, nguo za Noeli. Ni matendo ya huruma na yaendelee. Swali letu ni nani atakayemwonyesha mama huyu kisima.

1. TUNAMZUNGUMZIA NANI?

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Msingi wa maisha ya familia ni kibanja: migomba na mibuni kuizunguka nyumba. Mwenye kibanja ana chakula, ana fedha ya msimu, na ana mahali pa kuzikwa. Kwa desturi, kibanja hupita kwa watoto wa kiume.

Sasa tumtazame binti ambaye, kama tunavyosema mitaani, "amezalia nyumbani". Kwa mume hayupo, na nyumbani kwa baba anahesabiwa kama mgeni. Kaka zake wakioa, wifi ndiye anayesema nani achume ndizi na nani asichume. Anaweza kupewa kipande cha kulima maharage, kwa kuwa maharage ni ya miezi michache. Kupanda mbuni ni jambo jingine. Mbuni hukaa miaka mingi, na anayeupanda ni kama ametangaza kwamba ardhi ni yake. Kwa hiyo mama huyu hulima vibarua. Hata aliyebahatika kuwa na mibuni michache, mtoto akiugua, huangukia butura: anauza kahawa ikiwa bado shambani, pengine ikiwa maua, kwa bei ya kutupwa. Msimu ukifika, anavuna mali ya mwingine.

Sheria imejaribu kumsaidia. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililotokea huku huku Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, sawa na mwanamume. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inawapa wazazi wote wawili wajibu wa kumtunza mtoto. Lakini haki iliyo kwenye karatasi inahitaji nauli ya kwenda mahakamani, na mama wa vibarua hana nauli.

2. BIASHARA JAMII NI NINI?

Biashara jamii ni shughuli inayouza bidhaa au huduma kama biashara nyingine, lakini imeanzishwa ili kutatua tatizo la jamii, na faida yake hurudishwa katika lengo hilo. Haiishi kwa sadaka peke yake, maana inauza. Tena si duka la kumtajirisha mwenye mtaji. Ile inayowafunza akina mama ina nguzo tatu: fundi wa kufundisha, kazi yenye malipo, na soko. Nguzo moja ikikosekana, nyumba inaanguka.

Tumewahi kuona mradi mmoja ulioanguka hivyo. Mabinti walifundishwa ushonaji kwa miezi sita, wakapewa kila mmoja cherehani siku ya mahafali, picha zikapigwa. Tuliporudi likizo iliyofuata, vyerehani kadhaa vilikuwa vimeuzwa. Wengine walitaka kuwaita wavivu. Lakini kijiji kimoja kilikuwa kimepata mafundi wapya wanane kwa mpigo, na wateja walikuwa wale wale. Fundi alikuwepo na mashine ilikuwepo. Nguzo ya soko ndiyo iliyokosekana.

3. MIFANO YA MAJIRANI

Karen, Nairobi, mwaka 1975, Susan Wood alianza kutengeneza shanga za udongo katika kibanda kidogo nyumbani kwake. Alianza na akina mama wawili waliolea watoto peke yao. Walipofanya vizuri wakaja wengine, na kazi ikakua ikawa kiwanda cha Kazuri, chenye kuajiri mamia ya wanawake, wengi wao wakilea peke yao. Tuangalie mwendo wake: walianza wawili, wakajifunza wakiwa kazini, na idadi ikaongezeka kadiri shanga zilivyouzwa. Udhaifu wake nao tuuone: anayetegemea watalii hutikisika watalii wasipokuja.

Gulu, kaskazini mwa Uganda, Sista Rosemary Nyirumbe wa Shirika la Masista wa Moyo Mtakatifu wa Yesu alipokea Kituo cha Mtakatifu Monika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wasichana wengi walikuwa wametoroka kwa waasi wa LRA wakiwa na watoto, na nyumbani hawakutakiwa. Sista alitumia redio kuwaalika waje, pamoja na watoto wao. Walijifunza ushonaji na upishi, na baadaye wakashona mikoba kwa vishikio vya makopo ya soda. Mwaka 2014 jarida la TIME lilimtaja miongoni mwa watu 100 wenye mvuto duniani. Sisi tunabaki na neno moja tu: "pamoja na watoto wao". Mafunzo yasiyo na mahali pa kumlaza mtoto ni mafunzo ya wasio na mtoto.

Hapa Tanzania, mpango wa Elimu Haina Mwisho katika vyuo vya maendeleo ya wananchi umewapokea mabinti waliokatishwa masomo na ujauzito, ukiwapa masomo ya sekondari, ufundi na malezi ya watoto wao. Tangu Novemba 2021 Serikali pia imeruhusu mwanafunzi aliyejifungua arudi shuleni.

4. PINGAMIZI NA MAJIBU

Kwa kuwa tunasoma falsafa, tutumie njia ya Mtakatifu Thoma wa Akwino: tusikilize kwanza wanaopinga.

Pingamizi la kwanza: inaonekana kwamba kumsaidia aliyezaa nje ya ndoa ni kuhalalisha dhambi.

Tunajibu: katika barua yake Mulieris Dignitatem ya mwaka 1988, Mtakatifu Yohane Paulo II aliitafakari habari ya mwanamke aliyefumaniwa (Yn 8), akaonyesha kwamba nyuma ya mwanamke anayeachwa peke yake na "dhambi yake" yupo mwanamume aliyejificha. Jumuiya inayomnyooshea kidole mama na kumsalimia baba wa mtoto sokoni haitetei ndoa. Tena si kila mama wa namna hii amekosa: wapo waliofiwa, waliotelekezwa na waliobakwa. Na hata aliyekosa, akakataa kutoa mimba, ametenda jambo la ujasiri. Sheria ya Kanisa kuhusu ubatizo wa mtoto (kanuni 868) inadai ridhaa ya walau mzazi mmoja na tumaini kwamba mtoto atalelewa katika imani. Haidai cheti cha ndoa. Na mtoto akibatizwa, anahitaji pia uji.

Pingamizi la pili: inaonekana kwamba mikopo ya halmashauri inatosha. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba.

Tunajibu: mkopo huo ni neema, na tunawahimiza akina mama wauombe kupitia vikundi. Lakini mkopo bila ujuzi na bila mteja ni butura ya namna nyingine: umekula leo kilicho cha kesho. Aristotle anafundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga. Mama naye huwa mfanyabiashara kwa kufanya biashara, akiwa na mtu wa kumsahihisha. Biashara jamii inampa nafasi hiyo kabla hajabeba deni.

Pingamizi la tatu: inaonekana kwamba miradi hii huwatumia akina mama. Picha zao huletea viongozi wafadhili.

Tunajibu: pingamizi hili lina ukweli, na tusilikwepe. Immanuel Kant alifundisha kwamba mtu asitendewe kamwe kama chombo tu. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens (1981), alisema thamani ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya. Hivyo kipimo ni hiki: je, mama anajua bei ya kitu alichokitengeneza? Anajua faida imekwenda wapi? Anaweza kusema "hapana" kwa mpiga picha na bado akabaki na kazi? Kama sivyo, tumebadilisha tu jina la kibarua.

5. TUANZIE WAPI?

Wazee wetu walisema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 kueleza ujamaa. Tunaisikia mara nyingi kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini inamwagiza pia mwenyeji: ni yeye anayepaswa kulitoa jembe, na kuonyesha pa kulima.

Tunapendekeza soko lianzie kanisani. Parokia ni mteja mkubwa kuliko tunavyofikiri. Kuna kanzu za watumishi wa altare, sare za kwaya, vitenge vya WAWATA, nguo za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, sare za shule, na chakula cha semina na mafungo. Kila mwaka fedha hizi zinatoka, na mara nyingi zinapanda basi kwenda mbali. Tuchukue mfano wa kubuni: parokia inaagiza kanzu 40, na ufundi wa kila moja ni shilingi 8,000. Hiyo ni shilingi 320,000 ambayo ingeweza kubaki kwa akina mama wanne wa parokia hiyo hiyo, kabla hawajatafuta mteja mwingine yeyote.

Waanze wachache, kama wale wawili wa Kazuri. Wapewe oda kabla ya mashine. Mtoto awe na mkeka na mlezi. Hesabu isomwe mbele yao kila mwezi. Wakishapata akiba, wafundishe wengine ufundi tofauti: kuoka mikate, kukausha ndizi, kusuka, ili wasigombanie wateja wale wale. Na mwenye shida ya matunzo ya mtoto asindikizwe kwa afisa ustawi wa jamii, maana kazi ya mama haimfutii baba wajibu wake.

Nasi waseminari tunavaa kanzu. Ni wangapi kati yetu tunamjua aliyeishona?

MASWALI YA KUTAFAKARI

1. Katika jumuiya yangu ndogondogo, ni mama gani anayelea peke yake ambaye hatujawahi kusali nyumbani kwake? Kwa nini?
2. Parokia yangu inanunua nini kila mwaka ambacho kingeweza kutengenezwa na akina mama hawa?
3. Baba wa watoto hawa wako wapi katika mahubiri yetu?

Mungu hakukichimba kisima mbele ya Hagari. Tunasoma kwamba alimfumbua macho. Huenda nasi kisima tunacho, ila bado hatujakiona.