Pima Kuni Kabla ya Kuhesabu Miche
Mwongozo kwa watendaji, maafisa ugani, viongozi wa AMCOS na wakuu wa shule, kutoka Tabora hadi Uvinza

Mwongozo huu unamhusu mtendaji wa kijiji na wa kata, afisa ugani, mwenyekiti na karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao), mkuu wa shule ya bweni pamoja na mpishi wake mkuu, katika mkoa wa Tabora na wilaya zinazofuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Ujiji: Urambo, Kaliua, Uvinza. Unamhusu pia mtafiti anayeshuka stesheni ya Tabora na dodoso mkononi, ili asiwachoshe wanakijiji kwa maswali ambayo kituo cha utafiti cha Tumbi kiliyafanyia kazi tangu miaka ya 1990.

Sera za tabianchi na nishati zinajulikana. Tanzania imetia saini Mkataba wa Paris wa 2015, na katika ahadi yake ya mwaka 2021 imesema itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua zozote. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Siku sita baadaye alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kuhusu mpango wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030.

Mtumishi wa Tabora hana haja ya kukariri tarehe hizo. Anachohitaji ni kujua mahali ambapo sera hizo zinaigusa kata yake, na mahali ambapo zinaipita pembeni. Mkakati wa kupikia, kama jina lake linavyosema, unahusu jiko. Bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku, si jiko. Huku kwetu tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na mtendaji anayeripoti idadi ya mitungi ya gesi iliyogawiwa bila kuandika neno lolote kuhusu mabani ameripoti nusu ya jambo. Kwa maoni yangu, hiyo si hata nusu iliyo kubwa katika kijiji chenye AMCOS hai.

Anza na mzani

Takwimu ya taifa inayotajwa sana ni hekta 469,420 za misitu zinazopotea kila mwaka, kati ya takriban hekta milioni 48 zilizopo. Ni takwimu nzuri ya hotuba, lakini haimwambii mtu wa Kaliua afanye nini Jumatatu asubuhi. Kijiji kinahitaji takwimu yake chenyewe, na kuipata si kazi ngumu. Kila AMCOS ina mizani ya kupimia marobota. Chagueni mabani matano au sita ya aina tofauti, la zamani la udongo na la kisasa la matofali, la mkulima mzoefu na la mgeni. Pimeni kuni zinazoingia tanuruni kuanzia moto unapowashwa hadi unapozimwa. Kisha pimeni tumbaku kavu iliyotoka. Gawanyeni kilo za kuni kwa kilo za tumbaku. Jibu liandikwe kwenye daftari pamoja na aina ya bani, aina ya mti, na kama kuni zilikuwa mbichi au kavu.

Pale ambapo mizani haiwezi kusogezwa, pangeni kuni katika rundo la mita moja kwa moja kwa moja, mhesabu marundo. Trela la trekta si kipimo, kwa sababu kila dereva analijaza kwa namna yake.

Zoezi hili lifanyike kabla ya kampeni yoyote ya kupanda miti. Nimeona taarifa nyingi zinazotaja mamilioni ya miche iliyopandwa na hakuna hata moja inayotaja ni kuni kiasi gani zilichomwa mwaka huohuo. Bila kipimo hicho, hakuna anayeweza kusema miche ile inatosha, imezidi au ni mchezo tu.

Bani

Kukausha tumbaku ya mvuke huchukua karibu wiki moja kwa kila mzunguko. Kwanza jani hugeuzwa rangi kuwa njano kwa joto la chini, kisha hukaushwa jani lenyewe, mwisho kikonyo, joto likipanda hadi karibu nyuzi 70. Katika hatua hizo zote kuni nyingi hupotea kwa mambo ambayo hayahitaji mfadhili.

La kwanza ni kuni mbichi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, na moto hutumia nguvu zake kuyachemsha maji hayo kabla ya kulipasha bani joto. Mkulima akate au anunue kuni mapema wakati wa kiangazi, azipasue, azipange juu ya magogo ili zisiguse ardhi, na azifunike kabla mvua za Novemba hazijaanza. Afisa ugani akifanikiwa katika hili peke yake msimu mmoja, amefanya kazi kubwa kuliko semina tatu.

La pili ni nyufa. Bani linalovuja linapasha joto anga la Urambo. Kuta zikandikwe upya, mlango ufungike sawasawa, matundu ya hewa yawe ya kufungua na kufunga kwa makusudi, na mabomba yanayopitisha moto yasiwe na kutu iliyotoboka. La tatu ni kujaza: bani lililojaa nusu linakula kuni karibu sawa na lililojaa. Wakulima wawili wenye mashamba madogo washirikiane bani moja, ingawa najua majirani wengine hawapikiki chungu kimoja. La nne ni kipimajoto. Ni kifaa cha bei ndogo, na mkulima anayekisia joto kwa kiganja huishia kuongeza kuni kwa hofu ya kuharibu jani.

Mabani ya kisasa yenye tanuru lililoboreshwa na kuta nene hupunguza kuni sana. AMCOS isiyaagize kwa sababu ya picha iliyoonyeshwa na mwuzaji. Jengeni moja, lipimeni kwa utaratibu ulioelezwa hapo juu msimu mzima, ndipo mkutano mkuu uamue. Taasisi ya Utafiti wa Tumbaku (TORITA) iko hapahapa Tabora. Waiteni waje kuona kipimo chenu na wakikosoe.

Lipo na suala la shamba. Tumbaku huvutia minyoo fundo kwenye udongo, na mkulima anayeipanda pale pale mwaka hadi mwaka hulazimika kuhama na kufyeka pori jipya. Hivyo zao hili hukata miombo mara mbili, kwa shamba na kwa bani. Mzunguko wa mazao, hasa tumbaku kufuatiwa na mahindi, ni hatua ya kulinda tabianchi sawa na bani jipya, hata kama hakuna mradi unaouita hivyo.

Utafiti wa Tumbi na matumizi yake

Watafiti wa Tumbi kwa kushirikiana na ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, walijaribu mashamba ya miti ya mzunguko. Mkulima hupanda akasia zinazokua haraka, kama Acacia crassicarpa, katikati ya mahindi. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo anavuna mahindi kama kawaida. Kivuli kikizidi, anaiacha miti peke yake. Karibu mwaka wa tano anakata kuni, kisha anarudisha mahindi kwenye udongo ulioneemeka kwa majani yaliyooza na naitrojeni ya miti ile. Kwa hiyo kuni zinatoka shambani mwake na pori linapumzika.

Mafunzo haya yatolewe pamoja na kasoro zake. Akasia hiyo haichipui vizuri ikishakatwa, hivyo lazima ipandwe upya. Inahitaji ardhi ambayo mkulima ana hakika nayo kwa miaka mitano, jambo ambalo mpangaji wa shamba hana. Mikaratusi huchipua na hukua haraka, lakini isipandwe kwenye vyanzo vya maji wala pembeni mwa mbuga za mpunga. Mitundu, miyombo na mininga ya asili haihitaji kitalu kabisa. Ikikatwa vizuri na ikalindwa dhidi ya moto na mifugo, visiki na mizizi huchipua vyenyewe. Majirani zetu wa Shinyanga walirejesha zaidi ya hekta 300,000 kwa ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa muda, katika mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986, na kazi kubwa ilikuwa kuacha maeneo yapumzike. Vijiji vya Nzega na Igunga vinaijua ngitili vizuri. Vikitembelewa na wenzao wa Uyui na Sikonge, gharama ni nauli tu.

Wafuga nyuki wasisahaulike katika vikao. Asali ya Tabora ni zao la miombo iliyosimama, na mwenye mizinga ndiye mlinzi wa msitu asiyelipwa mshahara. Ila kutengeneza mzinga wa gome humenya mti ukafa. Mfuga nyuki ahamie mizinga ya masanduku.

Jiko la taasisi

Serikali ilishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Tabora ni mji wa shule za bweni tangu enzi Nyerere alipokuwa mwanafunzi hapa, kwa hiyo agizo hili linatuhusu kuliko mikoa mingi. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) una mipango ya kuzisaidia taasisi kama hizo, na umeingia makubaliano na Jeshi la Magereza. Mkuu wa shule asisubiri barua. Aandike ombi likiwa na hesabu tatu: idadi ya sahani kwa siku, kiasi cha kuni kwa wiki, na fedha zinazolipwa kwa mleta kuni. Akigawanya fedha kwa sahani atapata gharama ya nishati kwa mlo mmoja, na ombi lenye namba hiyo husomwa.

Gesi husafirishwa kutoka pwani hadi huku, safari ya zaidi ya kilomita 800. Kabla ya kufunga mtambo, mkataba utamke nani analeta gesi, ndani ya siku ngapi, na ikichelewa shule inapika kwa nini. Jiko la gesi lililokaa miezi miwili bila gesi humrudisha mpishi kwenye mafiga, na baada ya hapo ni vigumu kumshawishi tena. Shule yenye ng'ombe wa kutosha na maji ya uhakika ifikirie gesi vunde. Pale pasipowezekana, majiko banifu ya kuni yenye bomba la moshi ni hatua ya mpito, na yaandikwe hivyo kwenye taarifa bila kuyapamba jina la nishati safi.

Kwa watumishi majumbani na mama lishe, jambo linalopaswa kufafanuliwa ni umeme. Wengi wanaamini kupika kwa umeme ni anasa. Shirika la nishati la TaTEDO na washirika wake wamelipima jiko la umeme la presha, na chungu cha maharage hutumia karibu nusu uniti. Kwa mteja mdogo wa nyumbani anayelipa Sh 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, pamoja na kodi na tozo ni kama Sh 60. Kwa mteja wa kawaida anayelipa karibu Sh 356 kwa uniti baada ya kodi, ni kama Sh 180. Linganisha na sado ya mkaa sokoni siku hiyohiyo. Lakini mweleze ukweli: akivuka uniti 75, zile za ziada hutozwa Sh 350 kabla ya kodi. Na umeme ukikatika, maharage hayangoji. Mwenye jiko la presha aendelee kuwa na mtungi mdogo pembeni.

Mkaa na kaboni

Mchoma mkaa si mhalifu kwa kuzaliwa. Tanuru la udongo la kienyeji hupoteza sehemu kubwa ya mti, na mafunzo ya tanuru bora yapo. Kilosa, katika mradi wa mkaa endelevu, vijiji vilitenga vitalu vidogo vya mita 50 kwa 50, vikavuna kwa zamu ya miaka 24 ili miombo ichipue, na ushuru ukabaki kijijini. Msingi wake ni mpango wa matumizi bora ya ardhi na msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Kijiji kisicho na hivyo viwili hakina cha kujadili na mfanyabiashara wa mkaa.

Wapo na wa kaboni. Wageni wenye mikataba ya hewa ukaa wanazunguka, na mfano wanaoutaja ni wa kweli: vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinavyolinda msitu wa Ntakata, vimejenga shule na zahanati kwa mapato hayo. Vijiji hivyo vilianza na mipaka na mipango ya ardhi. Mwenyekiti asisaini chochote kabla mkutano mkuu wa kijiji haujasomewa mkataba wote kwa Kiswahili, hasa muda wake, mgawanyo wa mapato na adhabu ya kuvunja. Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mradi ambao hakijausikia urudishwe mlangoni.

Ratiba na bajeti

Kitalu huanza Julai au Agosti ili miche iwe tayari kwa mvua za Desemba. Mwaka wa fedha nao huanza Julai, na fedha za robo ya kwanza mara nyingi huchelewa kufika vijijini. Kwa hiyo mbegu na viriba visiwekwe kwenye bajeti ya mwaka wa kupanda. Viingizwe katika mapendekezo ya kijiji yanayopelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mwaka mmoja kabla, vinunuliwe kabla ya tarehe 30 Juni, na vifungiwe kwenye ghala la AMCOS. Daftari la mizani la msimu uliopita liambatanishwe na ombi hilo, pamoja na fungu la kununulia vipimajoto.