Vali ya Moyo Iliyobana: Matibabu Bila Kupasua Kifua

Mtoto akiumwa koo, wengi humpa chai ya tangawizi na kungoja. Mara nyingi hupona. Lakini koo lililoambukizwa bakteria wa streptokoka, lisipotibiwa, laweza kuleta homa ya rumatiki wiki 2 hadi 4 baadaye, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Viungo huvimba, kisha hupoa. Moyo ndio hubaki na makovu.

Vali ya moyo ni kama mlango wa damu. Makovu yakigandisha kingo zake, mlango haufunguki vizuri na damu hurudi nyuma kwenye mapafu. Mgonjwa huhema akipanda mlima, hukohoa usiku na hushindwa kulala chali. Hatari huzidi kwa mama mjamzito, kwa sababu ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu.

Puto hufanyaje kazi?

Mwaka 1984, daktari Kanji Inoue wa Japani na wenzake walichapisha njia ya kufungua vali hiyo bila kupasua kifua. Mgonjwa hutiwa ganzi kwenye kinena. Mrija mwembamba, yaani katheta, hupitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni. Puto lililo kwenye ncha yake hujazwa katikati ya vali, likatenganisha kingo zilizoshikana, kisha hutolewa. Wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache.

Si kila mgonjwa anafaa. Vali inayovujisha damu sana, au moyo wenye damu iliyoganda ndani, huhitaji matibabu mengine, pengine upasuaji kama unaofanywa katika Hospitali ya Tenwek, Bomet. Kipimo cha eko ndicho huonyesha njia ifaayo.

Puto halifuti ugonjwa. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 huzuia homa kurudi na kuharibu vali zaidi. Usiiache kwa kujisikia nafuu.

Mkazi wa Kipkelion afanye nini?

- Mpeleke mtoto mwenye koo na homa kwenye zahanati mapema. Dawa ikianza ndani ya siku 9, huzuia homa ya rumatiki.
- Maliza dawa zote ulizopewa.
- Mwenye kuhema kusiko kwa kawaida, hasa mjamzito, afike hospitalini bila kukawia na aulizie kipimo cha moyo.
- Jisajili na SHA kabla ya kuhitaji rufaa.