Kupima Filamu za Kutisha Pamoja na Wanafunzi

Mwalimu atakayepangiwa kufundisha Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, atakuta wanafunzi wake wamekwisha kuona majini na wafu wanaotembea, ama katika vibanda vya video, ama katika simu za kaka zao. Kukataza peke yake hakufai. Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri, lakini simu haimwulizi mtoto umri wake. Yafaa basi tujue kuzipima filamu hizo, na kuwafundisha watoto kuzipima.

Tunazungumzia hasa filamu za watengenezaji wanaojitegemea. Hapa nchini Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta katika miaka ya mwanzo ya 2000, zilizopigwa kwa kamera ya video. Huko Marekani George Romero alitengeneza Night of the Living Dead, iliyotoka mwaka 1968, kwa dola zipatazo 114,000 tu. Kwa hiyo filamu isihukumiwe kwa uchache wa fedha zake. Picha hafifu na sauti inayokwaruza ni mambo madogo. Swali la kwanza ni hili: filamu hii inatufundisha kumwogopa nani?

Jini la kubuniwa humtisha mtoto usiku mmoja au miwili. Lakini filamu ikimwonyesha bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa ndiye mchawi, mtoto hutoka nje na kumkuta bibi wa kweli njiani. Mikoani Mwanza na Shinyanga vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wekundu wa macho, ambao mara nyingi huletwa na moshi wa jikoni, ulichukuliwa kuwa ushahidi. Filamu ya namna hiyo ni mbaya hata ikiwa imepigwa kwa ustadi mkubwa.

Tena watoto wa Uluguru wasiachwe wamchanganye Kolelo wa pangoni na mazimwi ya filamu. Kolelo aliendewa na wazee kwa matambiko na heshima. Zimwi limebuniwa ili liuzwe.

Kwa darasa la tano, kipindi kimoja chatosha. Funga madirisha, usimulie kisa kifupi cha mtu anayerudi nyumbani usiku. Kisimulie tena neno kwa neno, ila safari hii mwanafunzi mmoja agonge debe polepole nyuma ya darasa, na mwingine ajimulike uso kwa kurunzi kutoka chini ya kidevu. Kisha uliza: ni neno gani lililobadilika? Wataona kwamba hakuna. Hofu imeletwa na debe na kurunzi. Waeleze kuwa damu katika filamu ya Romero ilikuwa sharubati ya chokoleti, nayo haikutambulikana kwa sababu filamu haikuwa na rangi. Watacheka, na kicheko hicho ndicho tunachokitafuta. Hapo ndipo waandike daftarini: katika filamu niliyoiona, nani alituhumiwa, na kwa ushahidi gani?

Zoezi hili lisifanywe katika darasa la kwanza na la pili, kwani watoto hao bado hawatenganishi vyema kisa na kweli; kwao afadhali tuzungumze na wazazi. Na mtoto wa darasa la tano ambaye hakucheka pamoja na wenzake aitwe kando kwa upole baada ya kipindi. Huenda anachokiogopa kiko nyumbani kwao, wala si katika filamu.