SOMO: Imani ya Mama Jane Manning James



Safari hii tunajifunza kutoka kwa mama mmoja wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi huliita Kanisa la Wamormoni. Hatuandiki ili kumvuta mtu aache dini yake. Tunaandika kwa sababu mama huyu alijua maana ya kutembea bila viatu, kulala njaa na kukataliwa, na hata hivyo hakuacha kumwamini Mungu.

1. Alimwomba Mungu njiani

Jane Manning alizaliwa katika familia huru ya watu weusi huko Connecticut, Marekani, wakati utumwa ulipokuwa bado unaendelea katika sehemu kubwa ya nchi hiyo. Mwaka 1843 yeye, mama yake na ndugu zake walifunga safari kwenda Nauvoo, mji wa Wamormoni katika jimbo la Illinois. Walipofika Buffalo, wasafirishaji walidai nauli hapo hapo na wakakataa kuwapeleka mbele. Wakatembea kwa miguu zaidi ya maili 800, yaani karibu kilomita 1300.

Baadaye Mama Jane alisimulia maisha yake, na mwingine akaandika. Alieleza kwamba viatu vyao viliisha, nyayo zikapasuka zikatoka damu. Wakasimama, wakamwomba Mungu aponye miguu yao, naye akawasikia. Njiani walitishwa kufungwa kwa kukosa karatasi za kuonyesha kwamba si watumwa. Kwake Mungu alikuwa Baba anayetembea pamoja na watoto wake hata pale askari anapouliza vitambulisho.

2. Aligawa kidogo alichokuwa nacho

Wamormoni wenyewe walikuwa watu waliofukuzwa: kwanza kutoka Missouri katika baridi ya 1838 na 1839, kisha kutoka Nauvoo mwaka 1846. Mama Jane alihama pamoja nao, akafika bonde la Salt Lake mwaka 1847. Huko walikuta njaa.

Mwaka 1849 jirani yake, mama mzungu aliyeitwa Eliza Lyman, hakuwa na unga wa kutengeneza mkate, na mume wake alikuwa amesafiri. Mama Jane akampa karibu kilo moja ya unga. Bibi Lyman aliandika katika daftari lake kwamba hiyo ilikuwa karibu nusu ya unga wote aliokuwa nao Jane. Tunamkumbuka mjane wa Sarepta aliyemlisha nabii Eliya.

3. Alidai haki bila kuacha imani

Hapa kuna jambo gumu. Watu waliofukuzwa wanaweza nao kumfungia mwingine mlango. Tangu 1852 kanisa hilo liliwazuia wanaume weusi kupata ukuhani, na baadaye watu weusi, wanaume kwa wanawake, walinyimwa ibada kubwa za hekaluni. Mama Jane hakunyamaza. Mwaka 1884 aliwaandikia viongozi kuomba ruhusa, na aliendelea kuomba kwa miaka mingi. Mwaka 1894 walimfanyia ibada ya kumuunganisha na familia ya nabii Joseph Smith, lakini kama mtumishi, si kama mtoto. Hakuridhika, akaomba tena.

Alifariki mwaka 1908 bila ombi lake kukubaliwa. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1978, miaka 70 baadaye. Mwaka 2019 hekalu la kanisa hilo lilifunguliwa Kinshasa, na leo wamama Wakongomani huingia humo kwa ibada zile zile alizonyimwa Mama Jane.

Tunajifunza nini?

Uvumilivu wa Mama Jane haukuwa kunyamaza. Alitenganisha mambo mawili: upendo wa Mungu, ambao hakuutilia shaka, na maamuzi ya watu, ambayo aliyapinga kwa heshima, bila chuki wala kisasi. Kwa hiyo mama anayerudi kila wiki kuuliza kwa nini jina lake halimo katika orodha ya msaada si msumbufu. Kiongozi amsikilize na ampe jibu la kweli. Na sisi tuliofukuzwa tuangalie: je, kuna kabila, mjane au mgeni ambaye tunamfungia mlango wetu?

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Ni nani aliyetugawia chakula wakati wa kukimbia? Alikuwa wa kabila letu?
- Katika kambi au mtaa wetu, nani anaomba jambo la haki na hajibiwi?
- Tunawezaje kudai haki yetu bila kumchukia anayetunyima?
- Wiki hii, kila familia inaweza kufanya nini kwa jirani mmoja?